Replika zilikuwepo, data imekwenda wapi? Redis Cluster ndani ya Kubernetes

SWALI: "Tunauza tiketi za mabasi ya mikoani kwa simu. Data ya haraka tunaiweka kwenye Redis Cluster (hifadhi ya data inayokaa kwenye memori, iliyogawanywa kati ya seva kadhaa) ya podi 6, masta 3 na replika 3 zinazowanakili, ndani ya Kubernetes (jukwaa linaloendesha programu ndani ya kontena, na kontena hukaa kwenye podi) yenye nodi 3, yaani mashine 3. Humo mna taarifa za wateja walioingia kwenye programu, na humo ndimo tunamoshikilia siti kwa dakika 10 wakati abiria analipa. Podi ni za StatefulSet na kila moja ina diski yake, ila hatukuwasha RDB (picha ya data kwenye diski) wala AOF (orodha ya maandishi kwenye diski) kwa sababu tuliona replika zinatosha. Kikomo cha memori cha kila podi ni GB 4, na maxmemory, yaani kikomo cha data cha Redis yenyewe, nayo tumeiweka GB 4. Tulipandisha toleo la Kubernetes usiku. Kulipokucha programu zinajibiwa CLUSTERDOWN (klasta imegoma), podi 2 zinakufa na kufufuka zikionyesha OOMKilled (zimeuawa kwa kuzidi memori), podi zote zina IP mpya, na siti kadhaa zimeuzwa mara mbili. Mwenzangu mmoja anasema Redis haiwekwi kwenye kontena, tuirudishe kwenye seva ya kawaida. Mwingine anataka podi ziwe 12 na tuwashe uongezaji wa kiotomatiki. Nimfuate nani?"

JIBU: Pole sana, ndugu msomaji, wewe na wenzako. Kuamka na abiria wawili wenye tiketi ya siti moja ni asubuhi mbaya. Kwa sasa usimfuate yeyote kati ya hao wawili. Wa kwanza ana hoja, nami nitamrudia. Wa pili atakuongezea matatizo juu ya matatizo.

Katika maelezo yako mna mambo manne yaliyofungwa fundo moja: jinsi podi zilivyoondolewa kwenye nodi, memori, data iliyofutika, na siti zilizouzwa mara mbili. Hilo la mwisho lingeweza kukupata hata kama Redis ingekuwa kwenye seva ya chuma isiyozimwa mwaka mzima. Kuhusu IP mpya, mnazilaumu bure kwa sehemu kubwa.

Kubernetes inaziona podi kama vibarua wa siku: leo huyu, kesho yule, mradi idadi imetimia kazi inaendelea. Kwa programu za wavuti mtazamo huo unafaa kabisa. Podi ya Redis Cluster, hata hivyo, ina jina lake la kudumu, ambalo ni kitambulisho cha herufi 40 kilichoandikwa kwenye faili la nodes.conf. Ina wajibu wake, yaani sehemu ya zile sloti 16384 ambazo kila ufunguo huangukia mojawapo. Na ina data ambayo haipo kwingine ila kwa replika yake. Jukwaa halijui lolote kati ya hayo. StatefulSet, ule mpangilio wa Kubernetes unaosimamia podi zenu, inalinda jina la podi na diski yake, basi. Haijui podi ipi ni masta, wala haijui kama replika imeshamaliza kunakili. Usipoiambia, itatenda kana kwamba hakuna cha kujua.

Turudi kwenye usiku ule. Kupandisha toleo maana yake nodi moja inaondolewa podi zake, inafanyiwa kazi, kisha inafuata nyingine. Una podi 6 kwenye nodi 3, kwa hiyo kwa kawaida podi 2 kwa kila nodi, na pengine zaidi kama hukuweka sharti la kuzitawanya. Ikitokea nodi moja imebeba masta 2, zikiondolewa kwa pamoja klasta imepoteza wingi wa kura. Watu wengi husahau kwamba replika haijipandishi cheo yenyewe. Inapigiwa kura na masta zilizobaki, na katika masta 3 zinatakiwa kura 2. Ikibaki masta moja, replika zitakaa zikisubiri hata kama zina data yote. Na kwa kuwa cluster-require-full-coverage huja ikiwa "yes", sloti chache tu zikikosa mwenyewe klasta nzima inagoma. Hiyo ndiyo CLUSTERDOWN yenu.

Sasa tazama kilichofuata, maana nadhani hapa ndipo data ilipopotea. Masta zile 2 hazikupokonywa cheo, kwa kuwa hapakuwa na kura za kutosha. Podi zikawashwa upya kwenye nodi nyingine, zikaikuta nodes.conf kwenye diski zake, zikajitambua kuwa bado ni masta wa sloti zilezile. Lakini RDB na AOF zilizimwa, kwa hiyo zimeamka tupu. Replika zao zikaunganishwa, zikaona historia ya masta haifanani na yao, zikaomba nakala kamili. Nazo zikapewa utupu, zikafuta data nzuri zilizokuwa nayo. Redis haikukosea. Imefanya sawasawa ilivyoagizwa: replika ifanane na masta.

Kwa hiyo ile imani kwamba "replika zinatosha" iacheni. Replika inakuokoa masta anapokufa na kubaki amekufa. Haikuokoi masta anapofufuka bila kumbukumbu. Na huhitaji kupandisha toleo ili likukute hilo. OOMKilled peke yake inaweza. Kontena ikiuawa kwa kuzidi memori, podi haihami. Kontena inawashwa palepale, mara ya kwanza papo hapo. Wenzake wanamtangaza mtu kuwa hayupo baada ya cluster-node-timeout, ambayo kwa kawaida ni sekunde 15. Masta akirudi ndani ya sekunde 4, hakuna aliyegundua kuwa aliondoka, na replika yake inafutwa kimyakimya.

Dawa ni kuwasha AOF, appendonly ikiwa "yes" na appendfsync ikiwa "everysec", yaani iandike diski kila sekunde. Kwa mpangilio huo hasara ya kawaida mashine ikizimika ghafla ni kama sekunde 1 ya maandishi. Diski mnayo tayari, mnailipia ihifadhi nodes.conf peke yake. Hakikisheni tu ina nafasi ya kutosha, kwa sababu AOF inapoandikwa upya faili la zamani na jipya huishi pamoja kwa muda.

Sasa memori. Hili ndilo nalokutana nalo mara nyingi kuliko yote, na kosa ni lilelile: kikomo cha podi na maxmemory kuwa namba moja. Kinachohesabiwa na Linux kwenye kikomo cha podi ni zaidi ya data yako. Kuna nafasi zinazopotea kwa memori kukatikakatika, kuna bafa za wateja (nafasi ambamo data husubiri kutumwa), kuna bafa za replika, na kuna kile kinachotokea Redis inapotengeneza nakala. Ili kupiga picha ya data bila kusimamisha huduma, Redis huzaa mchakato mtoto. Mwanzoni mtoto na mzazi wanatumia kurasa zilezile za memori. Mzazi akibadilisha ukurasa, Linux inaunakili, na kuanzia hapo kuna kurasa mbili. Saa ya shughuli nyingi, siti zinashikwa na kuachiwa kila sekunde, nakala hizo hupanda haraka. Katika hali mbaya kabisa matumizi hukaribia mara mbili ya data. Na mtoto yumo ndani ya kontena ileile, kwa hiyo wote wawili wanahesabiwa pamoja.

Utaniambia hamkuwasha RDB, mtoto ametoka wapi? Ametoka kwenye replika. Kila replika inapoomba nakala kamili, masta huzaa mtoto ili kuitengeneza, hata kama hamuhifadhi chochote kwenye diski. Sasa unganisha: podi zimehamishwa, replika zimerudi tupu, zinaomba nakala kamili, masta inazaa, memori inapanda, inavuka GB 4, inauawa. Upande wa pili, replika inapokea mzigo wote kwa mkupuo, na kwa mpangilio wa kawaida replika haijali maxmemory. Nayo inaweza kuvuka kikomo ikiwa inapakia, ikafa, ikaamka, ikaomba tena tangu mwanzo, na masta ikalazimika kuzaa tena. Mzunguko huo unaweza kwenda kutwa nzima bila mtu kugusa kitu.

Kwa kikomo cha GB 4 ningeanza na maxmemory ya GB 2.5, kisha ningepima. Angalia used_memory_rss (memori ambayo Redis imeshika kwa hesabu ya Linux) kwenye INFO memory, na rdb_last_cow_size kwenye INFO persistence; hiyo ya pili inakuambia ni kiasi gani kilinakiliwa mara ya mwisho mtoto alipozaliwa. Pima siku ya pilikapilika, kama wiki ya kuelekea Krismasi ambapo nusu ya Dar inapanda basi. Jumanne ya mwezi wa tatu haitakuambia kitu. Weka pia ombi la memori, yaani kiasi ambacho podi hutengewa, lilingane na kikomo, ili nodi isije ikaahidi memori isiyokuwa nayo. Kikomo cha CPU uwe mpole nacho: amri za Redis hutekelezwa na uzi mmoja, na ukibanwa klasta inaweza kudhani mwenzake amekufa kumbe amebanwa pumzi. Na kwenye nodi, zimeni kurasa kubwa za memori ambazo Linux huziwasha yenyewe. Zikiwa zimewashwa, badiliko la baiti chache linaweza kunakilisha MB 2 badala ya KB 4.

Kuhusu IP. Podi ikirudi na IP mpya, inasoma nodes.conf, inawatafuta wenzake kwa anwani inazozikumbuka, nao wanaitambua kwa kitambulisho na kurekebisha anwani yake. Hilo linafanya kazi vizuri mradi kuna angalau mmoja ambaye anwani yake haijabadilika. Shida ipo pale podi zote zinapowashwa upya kwa wakati mmoja, maana kila mmoja anawatafuta wenzake walikohama. Hapo unatoa amri ya CLUSTER MEET kutoka podi moja kwenda kwa kila IP mpya, na undugu unarudi. Kagua zaidi upande wa programu zenu: kama mmeandika IP za Redis kwenye mipangilio, ziondoeni leo, mtumie majina ya huduma.

Sasa siti. Hapa naomba unisome polepole, kwa sababu ukirekebisha yote ya juu na kuliacha hili, utanirudia.

Redis hunakili kwa replika baada ya kumjibu mteja. Masta anasema "sawa, siti 14A ni yako", kisha ndipo anampelekea replika. Akifa katikati, replika inayopandishwa cheo haijawahi kusikia habari za 14A, na abiria mwingine anapewa. Amri ya WAIT, inayomsubirisha mteja hadi replika zithibitishe, inapunguza uwezekano huo, haiuondoi. Hivi ndivyo Redis Cluster ilivyoundwa tangu ilipotoka na toleo 3.0 mwaka 2015, kasi imewekwa mbele ya uhakika.

Lakini hata klasta ikiwa na afya tele, bado mna tundu. Mnashikilia siti dakika 10. Abiria anaweka namba ya siri dakika ya 9, mtandao wa malipo umelemewa, uthibitisho unawafikia dakika ya 12. Siti imeshaachiwa dakika ya 10, mwingine ameishika na kuilipia. Hakuna podi iliyokufa, na tiketi mbili zimetoka. Ningekushauri uangalie zile siti zilizouzwa mara mbili, moja moja, ulinganishe saa. Huenda baadhi hazihusiani na usiku ule kabisa, na zilikuwa zikitokea zamani bila kelele.

Kinachotakiwa ni mwamuzi mmoja ambaye hasahau, na mwamuzi huyo ni hifadhidata yenu ya kawaida, PostgreSQL au MySQL. Jedwali la tiketi liwe na sharti la upekee juu ya safari, tarehe na namba ya siti, yaani likatae tiketi ya pili yenye vitu hivyo vitatu vilevile. Uthibitisho wa malipo ukifika, jaribuni kuandika tiketi. Ikikataliwa, abiria arudishiwe fedha au apewe siti nyingine kabla hajafika stendi. Redis ibaki na kazi ya kushikilia siti kwa muda ili watu wasigongane, kazi ambayo inaifanya vizuri mno. Na kila anayeshika siti awe na alama yake ya kipekee, ili anayeiachia aachie ya kwake, asije akafuta ya mwenzake.

Jambo dogo lakini lenye sumu: mmeweka taarifa za wateja na siti pamoja. Mkichagua sera ya kufuta data ya zamani memori ikijaa, kama allkeys-lru, siti iliyoshikwa inaweza kufutwa ili kumpisha mtu aliyefungua programu kuangalia nauli. Na volatile-lru, ambayo hufuta funguo zenye muda wa kuisha tu, haiwasaidii, kwa sababu siti zina muda wa kuisha. Zitenganisheni. Mabasi 200 yenye siti 60 ni funguo 12,000 kwa siku, MB chache tu. Redis ndogo ya pekee yenye noeviction, yaani isiyofuta kitu memori ikijaa, inatosha kabisa.

Hapo ndipo namrudia mwenzako wa kwanza. Kurudi kwenye seva ya kawaida kunaondoa tatizo moja, la jukwaa kuhamisha podi bila kuuliza. Hakuondoi la masta kuamka tupu, la memori wakati wa kuzaa, wala la siti. Hata hivyo, kama timu yenu ina watu wachache na hakuna anayeijua Kubernetes kwa undani, seva 3 zenye masta mmoja, replika 2 na Sentinel (programu ya Redis inayopandisha replika cheo masta akifa) ni mpango wa heshima. Jumlisheni data halisi ya masta zote 3. Kama haizidi GB chache, hamhitaji klasta ya kugawa sloti, iwe ndani ya kontena au nje. Mimi ningeanza na swali hilo kabla ya jingine lolote.

Wa pili, wa podi 12. Podi mpya ikiongezwa na jukwaa inakuwa mgeni: haijajiunga, haina sloti, haipunguzi mzigo hata chembe. Lazima iunganishwe, kisha sloti zihamishwe kwa redis-cli --cluster rebalance, na kuhama huko kwenyewe ni mzigo. Kibaya zaidi ni kupungua. Mzigo ukishuka usiku, StatefulSet inaondoa podi yenye namba kubwa zaidi bila kujali kama ni masta mwenye sloti zake. Uongezaji wa kiotomatiki uwekeni kwa programu za mbele. Kuna programu za aina ya opereta zinazojua kuhamisha sloti kabla ya kuondoa podi, na nyingine ni nzuri. Ila jaribuni kwanza kwenye mazingira ya majaribio inafanya nini nodi ikizimwa ghafla.

Njia ya tatu ni kulipia huduma iliyosimamiwa, yaani Redis inayotunzwa na kampuni ya wingu badala yenu. AWS (wingu la Amazon) wana vituo Cape Town tangu 2020, Google Johannesburg tangu 2024. Ni sawa kama programu yenu nayo iko hukohuko. Kama programu iko Dar es Salaam na Redis iko Afrika Kusini, kila ombi litasafiri kwenda na kurudi, na faida ya kuweka data kwenye memori imekwisha.

Mkibaki Kubernetes, kabla ya kupandisha toleo tena wekeni PodDisruptionBudget, kanuni ya Kubernetes ya idadi ya podi zinazoweza kuondolewa kwa pamoja, yenye maxUnavailable 1. Inazuia podi ya pili isiondolewe kabla ya ya kwanza kuwa tayari. Haizuii nodi kuzimika ghafla, na inaamini kipimo cha utayari mlichoandika, kwa hiyo kipimo kikidanganya nayo inadanganyika. Wengi wanaandika redis-cli ping na kuridhika. Redis ikiwa bado inapakia data hujibu LOADING, na redis-cli kwa kawaida inahesabu kuwa amri imefaulu. Kipimo kisome jibu lenyewe, na kwa replika kihakikishe master_link_status, hali ya muunganisho na masta, ni "up". Kipimo cha uhai, ambacho kikishindwa kontena huuawa na kuwashwa upya, kinyume chake kiwe chepesi. Kisiulize kabisa hali ya klasta, la sivyo klasta ikiyumba jukwaa litaziua podi zote kwa nia njema. Kwa kuwa mtakuwa na AOF ya kupakia, wekeni pia startupProbe, kipimo cha wakati wa kuwaka, yenye subira.

Siku yenyewe, kabla ya kugusa nodi, tazameni CLUSTER NODES, amri inayoorodhesha podi na vyeo vyake. Kwa kila masta aliye kwenye nodi hiyo, nendeni kwa replika yake iliyo nodi nyingine mtoe CLUSTER FAILOVER. Masta huzuia wateja kidogo, replika inamaliza kupokea, vyeo vinabadilishana bila data kupotea. Ndipo muondoe podi. Subirini replika zishibe, cluster_state irudi "ok", ndipo nodi ya pili. Masharti ya kutawanya podi hayajui masta ni nani, kwa hiyo baada ya kazi hesabuni upya: kila nodi iwe na masta 1 na replika ya masta wa nodi nyingine.

Kama klasta bado haijakaa sawa unaposoma hili, na humo mna data isiyopatikana kwingine, simamisheni mikono. Msitumie redis-cli --cluster fix, wala CLUSTER RESET, kabla ya kunakili diski za podi zote 6. Amri ya kwanza inaweza kuzigawa sloti zisizo na mwenyewe kwa podi tupu. Hapo tafuteni mtu aliyewahi kufufua Redis Cluster, aketi nanyi mbele ya skrini, msifanye kwa maelekezo ya simu. Na kwa siti zilizouzwa mara mbili mshirikisheni mhasibu alinganishe na taarifa ya mtoa huduma wa malipo. Mtaalamu akija atataka matokeo ya CLUSTER NODES kutoka kila podi, maana zinaweza zisikubaliane, pamoja na logi za Redis, za kontena iliyokufa na za iliyopo. Matukio ya Kubernetes yenyewe hufutika baada ya saa 1 kwa mpangilio wa kawaida, kwa hiyo ya usiku ule yameshakwenda. Ya leo yachukueni sasa hivi, podi zikiwa bado zinakufa.